Mgagani Haupigwi Jembe

Mzee Agustino aliniambia nikimaliza kupalilia shamba lake la mahindi kule Kawajense, ndipo tutazungumza habari za binti yake. Kwao Wafipa, alisema, mchumba anapimwa kwa jembe. Sikubisha. Mimi Malale nimekulia kwenye mazizi ya Majimoto, baba yangu alitoka Shinyanga akiswaga ng'ombe, jembe halinitishi. Nilimtaka Edina, na nilimtaka mchana, watu wakiona.

Ilikuwa mwanzoni mwa 1998, mvua za El-Nino hazikomi, magugu yanaota ukigeuza shingo tu. Nilipalilia mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Nilipomaliza, mzee akaja kukagua pamoja na mdogo wake, Alois. Wakasimama mwanzo wa shamba, wakatazamana.

"Kijana," mzee akasema, "umenilimia au umenipandia?"

Katikati ya mahindi mgagani ulikuwa umesimama vilevile, mbichi, na vimaua vyake vyeupe. Niliuzungukia shina kwa shina. Kwetu hakuna anayeupiga jembe mgagani. Unapalilia, unauacha, jioni mama anachuma.

"Hiyo ni mboga, baba."

Alois alicheka hadi akashika magoti. "Mboga! Kumbe Msukuma akikosa ng'ombe anageuka ng'ombe mwenyewe! Mboga ni kisamvu, mboga ni majani ya maboga. Hilo linanuka, hata mbuzi wetu wanaliruka."

"Mbuzi wenu hawana malezi, baba mdogo. Sisi tunauchemsha, tunamwaga maji ya kwanza, tunaunga na maziwa. Nyie mmeuonja lini?"

"Sikukuuliza mapishi," mzee akanikatiza. "Ng'oa wote. Hutaki, rudi kwenu ukaoe mgagani."

Ningeweza kuinama. Ilikuwa kazi ndogo, na Edina angekuwa wangu. Lakini miaka ya ukame mama yangu alitulea kwa majani hayo, ameyakausha juani na kuyaficha kwenye vibuyu. Nikaweka jembe chini.

"Nipe shamba lingine, baba, hata mawili, nitalima. Chakula sikikati."

Edina alikuwa amefika na uji wetu, amesikia yote. Akatua sufuria, akachuma jani, akalitafuna. Uso ukamkunjika.

"Chungu," akasema, na akaendelea kutafuna. "Baba, mimi ndiye nitakayekwenda kula kwao. Nyie hamjaalikwa."

Alois akasahau kucheka. Mzee akanyakua jembe langu, akaanza kuukata mgagani kwa hasira, mashina yakiruka huku na huku. Nikavua shati, nikamfuata nyuma nikiokota. Edina akatandaza khanga yake. Mzee anakata, sisi tunachambua majani na kutupa mizizi. Khanga ilipokaribia kujaa, mzee akageuka, jasho linamtiririka.

"Mnafanya nini nyie?"

"Tunavuna, baba," nikamjibu. "Endelea."

Alilitazama jembe mkononi, akamtazama binti yake aliyejaza majani mapajani. Kisha akalitupa jembe kati ya mahindi na kuelekea nyumbani. Zaidi ya nusu ya mgagani ilikuwa bado imesimama.

"Mlete baba yako tuongee mahari," akasema bila kugeuka. "Lakini uchafu huo hampikii kwenye sufuria za mke wangu!"

"Nitaazima kwa jirani," Edina akamjibu, akafunga khanga na kujitwika.