Filta ya Pili Hufungwa Kavu

Kina mama wenzangu mlio na watoto madereva, someni hii mpaka mwisho hata kama mambo ya magari hayawahusu. Mimi pia hayakuwa yakinihusu. Kama ningeyaacha hivyohivyo, leo mwanangu angekuwa anakula kwangu.

Pikapu mnayoiona imepandishwa juu ya mawe hapa uani ilikuwa ya baba yake. Aliinunua na injini ya zamani ya dizeli, yenye makelele na moshi mweusi, lakini injini ile haikuwa na maringo. Ukiipa mafuta machafu ilikohoa kidogo, ikaendelea na safari. Baadaye mume wangu akaiacha akaenda kuendesha malori ya kokoto kwenye machimbo, kwa kuwa mdogo wake ni msimamizi kule na ndiye aliyemwita. Alikaa miezi saba. Siku moja breki zikakataa mteremkoni, akarudishwa nyumbani amefunikwa turubai.

Mwanangu alipokua akaichukua pikapu. Akatoa injini ya baba yake, akafunga nyingine ya kisasa, isiyopiga kelele. Nyuma akaweka tangi, akawa anapeleka maji kwenye nyumba zinazojengwa. Kila jioni kabla giza halijaingia nilisikia honi mbili fupi getini, nikajua ni yeye, nikaweka chakula mezani. Honi zikichelewa nilisimama dirishani mpaka miguu ife ganzi.

Baba yake mdogo hakuacha kupiga simu.

"Shemeji, unamlea kijana kama yai. Huku malori yamesimama, hayana madereva."

"Ana kazi yake, shemeji."

"Ile toroli ya maji? Haya. Siku ikifa utanitafuta mwenyewe."

Nilimuuliza mwanangu kama ana mpango wa kwenda. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema, "Mama, gari likitembea siendi popote. Likinifia mkononi, nitafanyaje? Nitaenda kwa baba mdogo." Akainuka akaenda kazini. Mimi nikabaki na maneno hayo kama mfupa kooni. Tangu siku hiyo uhai wa gari lile nikauona ni uhai wa mwanangu.

Sasa, huku kwetu kituo cha mafuta kiko mbali. Dizeli tunanunua kwa mtu mwenye mapipa, anatupimia kwa dumu. Mapipa yenyewe yana kutu chini. Haukupita mwaka, injini mpya ikaanza kukosa nguvu na kutetemeka kama mtu mwenye homa. Mwanangu akamleta fundi nyumbani.

Fundi huyu watu wanamwita Kimya, kwa sababu hanyamazi. Anaongea na wewe, anaongea na spana, ukiondoka anaongea na gari. Alitoa nozeli moja, kile kidude kinachonyunyiza mafuta ndani ya injini, akanionyesha ncha yake.

"Mama, unaona matundu hapa?"

"Sioni kitu."

"Ndiyo hivyo. Hata mimi siyaoni, na hii ndiyo kazi yangu. Mafuta yanapita hapo kwa nguvu ya ajabu. Vumbi usiloliona linakuwa kama msasa. Injini ya marehemu ilikuwa inakula hata mawe. Hii ni bibi harusi."

"Tufanyeje sasa?" mwanangu akauliza.

"Tuongeze filta ya pili. Hii ya kwanza ikamate maji na takataka kubwa. Ya pili iwe laini zaidi, tuifunge kati ya hii na pampu. Kitakachoiponyoka ya kwanza kitakwama kwa ya pili."

Nilifurahi kama nimeletewa mlinzi wa geti. Nilimchemshia chai fundi, nikakaa kwenye kigoda nikimtazama. Alitoboa bati pembeni ya injini, akafunga kishikio cha chuma, juu yake akaweka kichwa cha filta, akaunganisha mipira miwili na kuikaza kwa vibanio. Kisha akachukua filta yenyewe, kopo jipya lililofungwa nailoni, akaigeuza mdomo juu.

"Sikiliza, bwana mdogo. Vitundu hivi vya pembeni ndiko mafuta yanakoingia machafu. Hili tundu kubwa la katikati ndiko yanakotokea yakiwa safi, yakitoka hapa yanakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Kwa hiyo ukibadilisha usiijaze mafuta. Ifunge kavu. Halafu unabonyeza hii pampu ya mkono mpaka hewa yote itoke. Utachoka, lakini ndiyo dawa."

"Baba alikuwa anajaza kwanza," mwanangu akasema.

"Baba yako alikuwa na injini ya baba yako."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Miaka yote ya ndoa yangu nilimwona mume wangu akijaza filta kwa dizeli kabla ya kuifunga, tena mimi ndiye niliyemshikia dumu, na gari liliwaka kwa mara moja. Nikajisemea moyoni, huyu anaongea sana, na mtu anayeongea sana mengine anajaza tu. Maneno yake niliyasikia vizuri, ninayakumbuka mpaka leo neno kwa neno. Sikuyaamini, basi.

Gari likapona. Lilitembea miezi mitatu kama jipya, na shemeji hata simu zake zikapungua. Ukafika wakati wa kubadilisha filta ya pili. Mwanangu alianza kazi asubuhi, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefungwa bandeji, kilibanwa na mfuniko wa tangi juzi yake. Aliifungua ile kuukuu, akaitoa mpya kwenye boksi, akaiweka juu ya madigadi ya tairi, akaingia ndani kutafuta tambara.

Nikaiangalia ile pampu ya mkono. Nikaukumbuka ule mkono. Mara mia atabonyeza, na bandeji ile? Karibu yangu palikuwa na dumu la dizeli, na mafuta yake nilikuwa nimeyachuja mwenyewe, kwa kilemba changu cha zamani cha buluu nilichokikunja mara nne. Kila dumu lililoingia kwangu nililichuja hivyo, hakuna aliyeniagiza. Nikayaona masafi, yanang'aa kama chai ya rangi. Nikainua dumu nikamimina polepole kwenye lile tundu kubwa la katikati, maana vile vidogo vya pembeni vinamwaga. Filta ikajaa. Nikafuta mdomo kwa kidole.

Mwanangu akatoka na tambara, akainyanyua ile filta, akaifunga haraka bila kuangalia ndani, mawazo yake yalikuwa kwenye mkono. Akabonyeza pampu mara nne, tano. Ikawa ngumu. Akaingia akawasha, gari likashika hapo hapo.

"Mama, leo limenihurumia," akasema.

"Mungu ni mwema, baba," nikamjibu.

Ningesema pale pale. Angenigombeza, angeitoa, angeweka nyingine. Lakini nilikuwa na raha ya mtu aliyefanya jema kwa siri, nikaificha ile raha kama peremende. Na mara ya pili nikafanya tena. Nilimtuma ndani akanitafutie miwani, nikajaza. Mara ya tatu mkono wake ulikuwa umepona zamani. Nilijaza tu kwa sababu nimezoea.

Baada ya hiyo ya tatu haukupita mwezi. Jioni moja honi hazikulia. Nilisimama dirishani mpaka nikaona gari linaingia linavutwa kwa kamba na trekta, mwanangu kwenye usukani, uso umemsawijika. Injini ilikuwa imeanza kugonga kama mtu anapiga nyundo, halafu moshi mweupe, halafu ikazima.

Fundi Kimya alikuja kesho yake. Kabla hajaweka mfuko wake chini, mwanangu akamvamia.

"Ulinifungia filta feki."

"Tulia kwanza, tufungue."

"Nitulie nini? Ulisema hakuna kitakachopita. Umenila, mzee. Mbele ya mama yangu umekunywa chai, ukanila."

Majirani wawili walikuwa wamesimama ukutani wakisikiliza. Mmoja akasema, "Mafundi ndio walivyo." Fundi akaweka mfuko wake chini. Akafungua. Akaipasua ile filta kwa msumeno, akaikunjua karatasi ya ndani kama pazia, akaipitisha kwenye mwanga. Upande wa kuingilia ulikuwa na uchafu, ndiyo kazi yake. Karatasi haikuwa imechanika popote.

"Filta ni nzima," akasema. "Imefanya kazi."

"Basi uchafu umepita wapi?"

Fundi akafungua mdomo wa pampu. Mle kuna kachujio kadogo kama ukucha. Akakachomoa kwa koleo, akakaweka kwenye kiganja chake. Kalikuwa na unga wa kutu, na katikati ya ule unga palikuwa na nyuzi mbili fupi zimejikunja. Za buluu.

Akaniangalia mimi. Kisha akaliangalia dumu, na kile kilemba nilichokuwa nimekianika juu ya mfuniko wake. Yule mtu asiyenyamaza, akanyamaza. Majirani wale wale wakiwa ukutani wanamwita mwizi kwa macho, angeweza kusema neno moja akajisafisha. Hakusema. Alimwekea mwanangu kile kitu mkononi, akainama kukusanya spana zake.

Mwanangu alikitazama muda mrefu. Akageuka.

"Mama. Ni wewe?"

"Mkono ulikuwa unakuuma, baba."

"Mara moja?"

Nikakiondoa kilemba juu ya dumu.

"Mara ngapi, mama?"

"Zote tatu."

Nilingoja afoke. Kufoka kungenisaidia. Alimfuata fundi mpaka getini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, nikamsikia anamwomba radhi kwa sauti, makusudi majirani wasikie. Fundi akamwambia, "Nozeli zote nne na pampu zimekwisha, bwana mdogo. Sikudanganyi, afadhali ununue gari jingine." Akaondoka. Chai niliyokuwa nimemchemshia asubuhi hiyo ilibaki na utando juu.

Usiku ule mwanangu alikula chakula chote, akaosha na sahani yake, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Asubuhi nikamsikia anaongea na simu chumbani. "Ndiyo, baba mdogo. Leseni ninayo. Jumatatu." Nilisimama mlangoni nikamwambia tutauza kiwanja, tutauza kitanda changu. Akasema, "Mama, pumzika." Hakusema kwa ubaya. Aliondoka na begi lile lile la baba yake, kwa sababu ndilo lililokuwepo.

Sasa anapiga simu kila Jumapili. Namuuliza breki zikoje, ananijibu ziko salama. Namuuliza mteremko ule bado upo, anasema wameuchonga. Sijui kama ni kweli. Zamani alikuwa akinieleza hata tairi lililopungua upepo, siku hizi kila kitu ni salama.

Basi nawaambia, ukimwonea mtoto wako huruma, mwambie. Usimwonee huruma nyuma ya mgongo wake ukiwa na dumu mkononi. Na fundi akisema ifungwe kavu, ifungwe kavu, hata kama marehemu alijaza miaka yote.

Filta ya kubadilisha mara ya nne ipo kabatini, bado iko kwenye nailoni yake. Jumapili iliyopita nilimuuliza, "Lori lako hilo, filta anabadilisha nani?"

Nyuma yake nilisikia injini kubwa zikinguruma.

"Kuna watu wa kazi hiyo, mama," akasema.