Mama Mkwe Kwenye Mteremko wa Torigoe

Mama mkwe wangu, Tokie, alipanda baiskeli ya mbio kwa mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini na nane, na siku hiyohiyo akanipita kwenye mteremko akiimba.

Mimi ndiye niliyeanza. Nilikuwa nimechoka kukaa mapokezini kwa daktari wa meno siku nzima, nikisikiliza watu wakilia nyuma ya mlango, kisha kurudi nyumbani na kuwasikiliza watu wa kwenye televisheni. Tangu baba mkwe afariki, Mama alikuwa amefunga saluni yake ya nywele na kuhamia mbele ya televisheni hiyo. Alikuwa akiizima usiku na kuiwasha alfajiri. Mimi na mume wangu, Motoki, tulikuwa tukinyata nyuma yake, kama watu wanaompita mgonjwa.

Nikanunua baiskeli. Jumapili asubuhi nikawa nazunguka bonde, napanda mpaka kwenye mierezi, kisha nashuka. Mama alikuwa akinitazama mlangoni kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mke wa mtu unakwenda wapi na kaptula inayobana hivyo?"

"Naenda mlimani, Mama."

"Mlimani kuna nani?"

"Hakuna mtu. Kuna nyani tu."

"Basi wahurumie hao nyani."

Siku moja niliteleza kwenye kona, nikarudi nyumbani kiwiko kikivuja damu. Mama aliinuka mbele ya televisheni, akanikalisha jikoni, akanisafisha kidonda bila neno. Nilidhani atasema sasa basi, umekoma. Alipomaliza kufunga bendeji aliuliza tu, "Huwa kinakimbia kiasi gani, hicho chuma chako?"

Wiki iliyofuata alikiomba akijaribu. Mwezi uliofuata alikuwa na chake.

Kupanda mlima alikuwa hawezi sana. Alikuwa akihema kama anasukuma kabati. Lakini kushuka! Kushuka alikuwa kama jiwe lililoachiwa. Mimi nilikuwa kinyume chake. Mlima nilikuwa naupanda vizuri, ila tangu siku ile ya kiwiko, kila nikiona barabara inainama, vidole vyangu vilikuwa vinang'ang'ania breki vyenyewe, nami nikishuka polepole kama bibi harusi mwenye viatu vipya.

Ndiyo maana mbio za Minasawa zilikuwa zimenishinda mara mbili. Ni mbio za watu wa kawaida, wauza duka na walimu na wakulima, hufanyika vuli mpunga ukishavunwa. Wanawake huzunguka raundi nne: unapanda mpaka kilele cha Torigoe, unashuka kona baada ya kona mpaka mtoni, unarudi kwa barabara tambarare katikati ya mashamba. Ukichelewa mno nyuma ya wenzako, mwamuzi anainua bendera nyekundu kwenye mstari wa mwisho wa raundi na safari yako imeishia hapo. Miaka miwili mfululizo nilikuwa nimepanda na wenzangu, nikawapoteza mteremkoni, nikakutana na bendera.

Mwaka wa tatu tukajiandikisha wote wawili, mkwe na mkamwana. Mpango wetu ulikuwa rahisi. Kupanda, mimi mbele, Mama ajikinge upepo mgongoni kwangu. Kushuka, yeye mbele, mimi nimfuate.

"Usitazame barabara," alikuwa akiniambia mazoezini. "Nitazame mimi. Nikilala, lala. Nikiinuka, inuka."

Asubuhi ya mbio kulikuwa na ukungu, na harufu ya supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, ikitoka kwenye hema la akina mama wa kijiji. Wanawake tulipangwa nyuma ya wazee. Kijana wa kipaza sauti akatangaza kwa furaha, "Na hawa sasa ni akina mama zetu! Akina mama, msisukumane!"

"Mama yako nani hapa?" Tokie akamjibu kwa sauti, na mstari wote ukaangua kicheko, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Ritsu, mwalimu wa shule wa mji wa jirani, mwenye jezi ya kijani. Kila mwaka alikuwa anakuja peke yake na kuondoka peke yake, na mimi nilikuwa namwogopa kidogo, kwa jinsi alivyokuwa akitazama mbele tu.

Filimbi ikalia.

Raundi ya kwanza mpango wetu ulikwenda kama tulivyoupanga. Nilimvuta Mama mpaka kileleni, naye akanipita pale juu akisema, "Haya, njoo." Nikaona mgongo wake ukilala kushoto, nikalala. Ukalala kulia, nikalala. Mierezi ikawa ukuta mweusi unaokimbia pembeni. Tulipofika mtoni bado tulikuwa na kundi, na mimi nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Raundi ya pili ukungu uliondoka na jua likatukuta katikati ya mlima. Motoki alikuwa amesimama pale kwenye kona kali, chupa ya maji kila mkono, uso umemkakamaa kwa kazi aliyopewa. Alikuwa ameifanyia mazoezi uani wiki nzima. Jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria ni kwamba mkewe na mama yake wangefika pamoja.

"Mpe Mama kwanza!" nilipiga kelele.

"Mpe mkeo!" Mama naye akapiga kelele.

Maskini Motoki akajaribu kutupa wote kwa wakati mmoja. Mikono ikapishana, chupa zikagongana, zikaanguka, zikabingirika barabarani moja nyuma ya nyingine mpaka mtaroni. Tulipita mikono mitupu.

"Jamani, nilizaa nini mimi!" Mama akalalama, huku akihema.

Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka. Nilipogeuka, alikuwa Ritsu. Alipoona namtazama akafunga mdomo haraka.

Raundi ya tatu kiu ilitukamata. Mama alikuwa amenyamaza, na Mama akinyamaza ujue kuna jambo. Nilipunguza mwendo, nikageuka. Uso wake ulikuwa mwekundu, jasho limekauka kuwa chumvi mashavuni. Kundi lilikuwa linatutoka, jezi ya kijani ikiwa ya mwisho kupotea kwenye kona.

"Nenda," akasema.

"Tulikubaliana tutamaliza pamoja, Mama."

"Tulikubaliana kumaliza. Hatukukubaliana kuzikwa pamoja. Nenda!"

"Na huko chini nitamfuata nani?"

Alijaribu kumeza mate, ambayo hakuwa nayo. "Kona ikija, tazama pale inapoishia. Mtaro usiutazame. Ukiutazama unakwenda huko huko. Haya, ondoka, unanimalizia pumzi kwa maneno."

Nikaondoka. Sikutaka kugeuka tena, nikageuka. Alikuwa ameinama kwenye usukani, anakanyaga pedali moja moja. Aliponiona nimegeuka akanipungia mkono kwa hasira, kama anayefukuza kuku.

Pale kileleni nilikuwa peke yangu. Upepo baridi ulinipiga kifuani na barabara ikainama mbele yangu, na vidole vikashika breki kama kawaida yao. Kona ya kwanza niliipita taratibu. Ya pili vilevile. Nilijitukana kwa sauti. Kisha nikakifikia kipande kirefu kilichonyooka, nikajilazimisha kuachia breki kwa muda wa pumzi moja, halafu nyingine. Kona iliyofuata ilikuwa imefunikwa majani yaliyopukutika na kulowa. Macho yalitaka kwenda mtaroni, nikayang'oa huko kwa nguvu, nikayapeleka mwisho wa kona palipokuwa na kibanda cha mkulima. Baiskeli ikaenda kwenye kibanda. Nilipokipita, nilikuwa bado juu ya magurudumu mawili.

Nilipokaribia mstari, nilimwona mwamuzi ameshika bendera iliyokunjwa, anatazama saa yake. Nikasimama juu ya pedali, nikakanyaga kwa kila nilichokuwa nacho. Alinitazama, akaitazama saa, akanionyesha kwa kichwa nipite. Mara tu nilipopita, nikasikia kitambaa kikikunjuliwa nyuma yangu.

Nilijua bendera ile itamkuta nani. Nilikuwa nimeshafika chini ya mlima nilipomsikia kwa mbali, sauti yake ikivuka mpunga uliokatwa:

"Kijana, saa yako hiyo inakimbia! Nionyeshe! Si nasema nionyeshe?"

Machozi yalinitoka, sijui ya kicheko au ya nini.

Raundi ya mwisho nikaupanda mlima nikiwa na maneno ya Mama kichwani, lakini sikuwa na kitu tumboni wala kooni. Watu wa kijiji walikuwa wamekaa kwenye viti vyao barabarani wakimenya karanga, bibi mmoja akinipigia sufuria kwa kijiko. Nusu ya mlima nikaona kijani mbele. Ritsu. Kundi lilikuwa limemwacha. Nilimfikia taratibu, tukawa bega kwa bega. Kisha akachomoa chupa yake, akaninyooshea bila kunitazama.

"Kunywa. Yenu mmenywesha mtaro."

Nikanywa. Maji yalikuwa ya moto na yalikuwa matamu. "Asante, dada."

"Shemeji yangu angefanya vilevile," akasema. "Ni mumeo, yule wa chupa?"

"Ndiye."

"Nilicheka. Samahani."

"Hata mimi ningecheka, kama nisingekuwa na kiu."

Tukaanza kupokezana mbele, mimi kidogo, yeye kidogo, na mlima ukawa mfupi kuliko ulivyokuwa asubuhi. Lakini karibu na kilele nikaona anapunguza mwendo. Nilidhani miguu imemkaza.

"Tangulia," akasema.

"Kuna nini? Twende wote."

Alitazama usukani. "Kushuka huku kunaniua. Kila mwaka wananiacha hapa. Nalala siku tatu kabla nikiota kona hizi."

Nilimtazama mwanamke yule niliyemwogopa miaka miwili mizima. Nilitaka kumwambia mengi, lakini kilele kilikuwa kimefika na barabara ilikuwa tayari inainama.

"Kaa nyuma yangu," nikasema. "Nitazame mimi, barabara niachie."

Sitasema nilishuka kama Mama. Hapana. Lakini kulikuwa na mtu mgongoni kwangu, na mtu akiwa mgongoni kwako huwezi kushika breki ovyo, utamwangusha. Kila kona niliita, "Kushoto! Kulia! Majani, taratibu!" naye akijibu, "Nimeona!" Kwenye kipande kile kirefu niliachia breki kabisa, na nikasikia nyuma yangu ukelele mwembamba ambao mwanzoni nilidhani ni wa hofu. Ritsu alikuwa anapiga vigelegele.

Tukatokea mtoni. Mbele yetu kulikuwa na barabara tambarare na, mwisho wake, hema la supu, watu, na mstari mweupe. Kwa muda tukaendelea kupokezana kama ndugu. Kisha nikahisi anapumua tofauti. Aliruka kutoka nyuma yangu, nami nikaruka naye, vichwa chini, magoti yanatoa moto. Alinishinda kwa nusu tairi.

Nikaanguka kwenye nyasi, baiskeli juu yangu. Nilikuwa nimemaliza. Motoki alikuja mbio na chupa tano mikononi, akazitupa zote, akanikumbatia na jasho langu. Mama alifika nyuma yake, miguu mitupu, viatu mkononi.

"Umemwacha akupite!"

"Alinipa maji, Mama."

"Maji hulipwa kwa maji! Nani alikwambia yanalipwa kwa nafasi?" Lakini alikuwa ananifuta uso kwa mkono wa jezi yake, akinisugua kama mtoto aliyekula jamu.

Baadaye Motoki alipokwenda kupakia baiskeli garini, Mama aliketi karibu nami, akanyoosha miguu, akawa kimya muda mrefu. Nikaogopa. Nilijua ukimya wake wa mbele ya televisheni.

"Pole, Mama," nikasema. "Ni ile bendera?"

"Unajua," akasema, "tangu mzee afariki sijataka kitu. Ukiniletea chakula nakula, usiponiletea sikuulizi. Leo nilitaka raundi moja tu zaidi, wakaninyima." Akajishika kifua, kwa mshangao. "Inauma, Nagisa. Inauma vizuri."

Nikamshika mguu wake uliopauka kwa vumbi, nikaanza kumkanda kigimbi, naye akaniacha.

Ritsu akaja na mfuko wa karanga za kuchoma, akasimama mbele yetu kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama," akamwambia Tokie kwa heshima, "nimesikia wewe ndiye uliyemfundisha huyu kushuka. Jumapili huwa mnatoka saa ngapi?"

Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Kupanda unajua?"

"Kupanda najua."

"Basi keti hapa. Nina shida na kupanda."

Jumapili iliyofuata Ritsu alifika kwetu kabla hatujamaliza chai. Mama alimfungulia mlango kofia ikiwa tayari kichwani, akamkalisha, akamwekea matonge mawili ya wali na kachumbari ya figili. Akamwambia hakuna anayepanda Torigoe na mwanamke mwenye njaa, na akithubutu kuinuka kabla hajamaliza, ataona.