Bunduki Isiyokwama

Kwetu mtu hasemi uongo juu ya bunduki yake. Juu ya ng'ombe wake atasema, juu ya mkewe pia, lakini bunduki hapana, kwa sababu wenzake wataitegemea maisha yao. Kiangazi kikikaza, kabla ng'ombe hawajapelekwa mtoni wanakovizia wezi wa mifugo, wanaume hukaa uwanjani, kila mmoja ameilaza bunduki yake mbele ya miguu, na kila mmoja huisemea yake: inapiga mpaka wapi, inavuta upande gani, imekwama mara ngapi tangu mwaka jana. Wakimaliza, Lotubo, anayeongoza kambi yetu, anagawa kazi. Bunduki nzuri zinatangulia na nyingine nzuri zinafunga nyuma. Mbaya zinabaki nyumbani na ndama, pamoja na sisi wanawake.

Sisi husikiliza kutoka nyuma ya ua wa miiba. Hakuna anayetufukuza, mradi tunyamaze.

Bunduki ya kaka yangu Lokidor ilikuwa mbaya kuliko zote. Ilikuwa ya marehemu baba, ndefu, nzito, kitako kimefungwa ngozi ya mbuzi kwa sababu kilipasuka. Risasi ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka ikipenda. Ya tatu ilikwama, ganda likining'inia nusu ndani nusu nje, na Lokidor akawa anagonga kitako chini kama mtu anayetwanga mtama.

"Haya, Lokidor, isemee yako," Lotubo alimwambia mwaka ule.

"Ni ileile, mzee. Inakwama."

"Baada ya ngapi?"

"Mbili. Kukiwa na baridi, moja."

Lomilo, rafiki yake aliyekua naye, hakuweza kujizuia. "Hiyo ina mimba tangu enzi za baba yako. Si uipeleke kwa mkunga?"

"Nilimpelekea mama yako," Lokidor akajibu. "Akasema yeye anazalisha watu, vyuma hawezi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Lakini pale niliposimama nilikuwa nauona mkono wake wa kushoto, na ule mkono haukuwa unacheka. Ulikuwa unachimba mchanga.

Mama alikuwa karibu nami, amekibana kinywa kwa ncha ya ngozi aliyovaa. "Watampa ndama achunge," alininong'oneza. "Ngoja uone."

Wakampa ndama. Jioni hiyo Mama alikamua akiimba kwa sauti ya mtu aliyeshiba, maziwa yakilia kibuyuni, na mimi na wifi yangu Nakoyo, mke wa Lokidor, tukatazamana tukatabasamu. Mama alikuwa amezaa wana watatu. Ekeno na Lomoe walikuwa na bunduki nzuri, zilizosifiwa uwanjani na kila mtu, na wote wawili hawakurudi kutoka mtoni, kila mmoja kwa mwaka wake. Lokidor alibaki kwa sababu bunduki yake ilikwama. Mama alikuwa akiiita ile bunduki mchungaji wangu. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, Lokidor akiwa mbali.

Mwaka uliofuata watu wa Lopirit walileta ng'ombe wa kwanza wa mahari yangu. Lopirit nilikuwa nimemtazama muda mrefu kabla hajajua kama ninamtazama, na nilimpenda. Lakini siku ng'ombe walipoingia boma sikumwangalia yeye. Nilimwangalia kaka yangu. Alikuwa anapita kati ya madume, anawafungua midomo, anawapima kwa kiganja mgongoni. Ng'ombe wa kukaa hapimwi hivyo.

Nikamfuata kisimani tulipokuwa tunanywesha ndama.

"Kaka, usiwauze wale madume."

"Nani kakuambia nauza?"

"Umewaangalia meno."

Akacheka. "Wewe macho yako yatakuponza."

"Nakoyo ana mimba."

"Ndiyo maana. Huyo mtoto ataniuliza, baba, wenzako wakienda mtoni wewe huwa wapi? Nimwambieje? Nilikuwa nafuta kamasi za ndama?"

"Ndama hawamuui mtu."

"Nadome." Aliiweka ndoo chini. "Juzi nimepita kwa wale wasichana wa kambi ya jirani. Unajua wananiitaje? Mama Ndama. Wananisalimia kwa heshima kabisa, shikamoo Mama Ndama, umeamkaje, matiti hayaumi? Na mimi nipite tu."

Jina hilo nilishalisikia.

Nilifikiri kumkataa Lopirit. Ningemkataa, ng'ombe wangerudi kwao, na Lokidor angekosa cha kuuza anunue bunduki nyingine. Nikamwambia Mama. Aliendelea kukwangua ngozi kwa jiwe.

"Ukimkataa, atauza ng'ombe wetu wa maziwa," akasema. "Na wewe utakuwa umemkosa mume, na mimba ya Nakoyo itakosa maziwa. Acha."

Basi nikaacha. Lokidor akaenda mjini Kapoeta na madume ya mahari yangu na ile bunduki ya baba, akaviuza vyote, akarudi akiwa na bunduki mgongoni imefungwa kwenye gunia.

Ilikuwa fupi, ya kijeshi, kitako chake cha chuma kinakunjwa pembeni. Wanaume walikuja kuiona kama wanavyokuja kuona bibi harusi. Ilipita mkono hadi mkono.

"Nyepesi hii! Hata mtoto ataibeba."

"Angalia mtutu ndani. Hakuna hata doa."

"Hebu ikoki. Sikia hiyo sauti. Sikia!"

Lomilo peke yake alikuwa amekunja uso. "Vipya vyote vina adabu. Kiulizeni kikila vumbi."

"Tukiulize sasa," Lokidor akasema. Akaifukia mchangani yote, akaikanyaga juu, akaitoa, akaitikisa mara moja tu kama anayekung'uta kiatu, akapiga kuelekea kilimani. Ikalia. Ikalia tena na tena. Mama alikuwa kwenye mlango wa kibanda na sufuria ya uji mkononi, na kila ilipolia alisubiri ile ambayo haitalia. Haikuja. Lomilo akaichukua, akaiangalia juu chini, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

"Nimekosa mimi," akasema. "Hii ni bunduki."

Tangu siku hiyo Lokidor aliifungua kila jioni juu ya ngozi, kipande kwa kipande, na mimi nikikaa hapo karibu nachambua mtama. Nilijua kipi kinatangulia kutoka na kipi kinarudi mwisho. Nilijua kwamba samli inaifanya ivute mchanga na kwamba mafuta ya mashine, hata yale meusi ya lori, yanaifaa zaidi. Nilikuwa naitafuta kasoro. Kila mtu alikuwa anaisifu, na mimi nilikaa nikingoja kama unavyomngoja mtu mzuri mno akosee.

Na ikakosea. Asubuhi moja tulikuwa na ndama, mimi na yeye tu, fisi akatokea kwenye vichaka. Lokidor akalenga, akavuta, ikatoa kijisauti kikavu cha chuma, basi. Fisi akaondoka zake bila haraka. Lokidor akavuta koki, risasi ikaanguka miguuni kwangu. Ilikuwa na ukoko wa kijani.

"Ni risasi," akasema. "Si bunduki."

"Imekwama."

"Risasi ina kutu, Nadome. Ungeiweka kwenye bunduki yoyote ingekwama."

"Lakini imekwama."

Akaiokota akaitupa vichakani. Nilikimbia nyumbani. Mama aliponisikia alikaa chini palepale alipokuwa, akacheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu Ekeno alipokuwa hai, kisha akanipa malai ya maziwa nilambe kidoleni mwake kama mtoto.

"Atasema," akaniambia. "Mwanangu namjua, hawezi kudanganya uwanjani. Atasema imekwama, na Lotubo atampa ndama."

Tuliishi na tumaini hilo mpaka siku ya kuzisemea bunduki.

Lokidor alisimama akiwa amejipaka mafuta, na unyoya mpya kichwani. Alisema bunduki yake inapiga mpaka ule mti uliopigwa radi. Haivuti kulia wala kushoto. Haipati joto upesi. Haimchoshi bega.

"Imekwama?" Lotubo akauliza.

Lokidor akaitazama bunduki yake. Mama aliushika mkono wangu na kucha zake zikaingia.

"Mara moja, mzee. Risasi ilikuwa na kutu."

"Ilete."

Lotubo ni mtu wa makini. Aliichomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akamwaga risasi za Lokidor, akajaza zake mwenyewe, nyingine za zamani, nyingine chafu, akachanganya makusudi. Akasimama, akapiga juu mpaka ikanyamaza kwa kukosa chakula. Haikukwama hata kwa moja. Maganda yalikuwa yamezagaa pale chini yaking'aa. Akaipapasa ubavuni kama anavyopapaswa fahali.

"Sawa," akasema. "Lokidor atafunga nyuma."

Hapo ndipo Mama aliposukuma miiba akaingia uwanjani. Sikuwa nimewahi kuona mwanamke akifanya hivyo, na sijaona tena.

"Inakwama!" alipiga kelele. "Kasema mwenyewe inakwama! Hamna masikio?"

Hakuna aliyemcheka. Lotubo alisema kwa upole, "Mama, tumemsikia. Na wewe umeisikia bunduki."

"Lotubo, Ekeno ulimchukua na bunduki nzuri. Lomoe ulimchukua na bunduki nzuri. Niachie mmoja mwenye mbaya."

"Ningekuachia, mama. Lakini hana mbaya tena."

Nilimwangalia kaka yangu. Nilidhani atakuwa na aibu, mama yake kusimama kati ya wanaume. Hakuwa hata anatusikia. Uso wake ulikuwa unang'aa, na Lomilo alikuwa anampigapiga mgongoni, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia juu ya goti. Nakoyo alimwondoa Mama kwa kumshika kiuno.

Wakaenda. Mvua ilikuwa imekawia, na mto ulikuwa mbali.

Ng'ombe walirudi wote. Tuliwaona kwa vumbi lao kwanza, halafu tukasikia kengele, na matumbo yao yalikuwa makubwa kwa maji. Wanaume walikuwa wanatembea bila kuimba. Lomilo alikuwa na bunduki mbili. Moja begani, ndefu, yake mwenyewe. Nyingine mkononi, fupi, kitako kimekunjwa.

Alikuja moja kwa moja kwa Mama, akachuchumaa.

"Wezi walitokea tulipokuwa tunageuza ng'ombe," akasema. "Walikuwa wengi. Lotubo alituambia tuswage ng'ombe, wa nyuma wazuie. Wa nyuma walikuwa watatu. Wawili wakaumia mapema, tukawabeba. Akabaki Lokidor peke yake kwenye ukingo wa mto. Tukapita sote, mama. Hata ng'ombe mmoja hakupotea. Usiku tulirudi tukamkuta ameilalia bunduki, tukamzika."

"Ilikwama?" Mama akauliza.

"Mama..."

"Nakuuliza, Lomilo. Ilikwama?"

Niliona alivyotaka asikie ndiyo. Angesikia ndiyo angepata mtu wa kumlaani, yule muuzaji wa Kapoeta, au Lotubo, au mimi na mahari yangu. Lomilo pia aliona. Lakini kwetu mtu hasemi uongo juu ya bunduki.

"Haikukwama," akasema. "Nilikuwa naisikia mpaka mwisho. Risasi ndizo zilizokwisha."

Wanaume walikuja kumlilia. Wakakaa wakanywa togwa, na baada ya kumlilia wakaanza kuizungumzia ile bunduki. Mmoja alisema hajaona chuma cha namna ile. Mwingine alisema wangekuwa na tano kama ile wasingeogopa mto wowote. Ilikuwa inapita mkono hadi mkono tena, na Nakoyo alikuwa amekaa ameegemeza mgongo ukutani, mikono juu ya tumbo lake, akiifuata kwa macho.

Alizaa msichana. Nyumba yetu haikuwa na mwanaume wa kuibeba. Mjomba akasema bunduki haiwezi kukaa ndani inaliwa na kutu, na tena ilitoka kwenye ng'ombe wa Lopirit, basi iende na Nadome. Mama hakubisha. Alikuwa hasemi mengi siku hizo. Lopirit alimalizia mahari, akaja kunichukua, na njia nzima alitangulia yeye na ile bunduki begani, nami nikamfuata nyuma na vibuyu vyangu, nikiangalia jinsi ilivyokuwa inagonga mgongo wake kidogo kidogo.

Ni mtu mwema. Anacheka kinywa wazi, na hajawahi kuninyanyulia mkono. Bunduki yake ya zamani amempa mdogo wake.

Juzi aliitandaza ngozi mlangoni akaanza kuifungua. Alikuwa hajui kipi kinatangulia. Mimi nilikuwa napepeta mtama.

"Mke wangu, wewe umekaa nayo kuliko mimi," akasema. "Niambie ukweli. Ikoje?"

Nilifikiri nimwambie inavuta kushoto. Nimwambie haipendi baridi. Lakini angetoka nayo nje, angepiga, angesikia mwenyewe.

"Ni nzuri," nikasema. "Haikwami."

Alifurahi. Akaniuliza mafuta gani yanaifaa, na je, inakula risasi za zamani, na vumbi inalichukuliaje, na kile kijiti cha ndani kinarudi vipi mahali pake. Nikaweka ungo chini nikasogea kwenye ngozi nikamwonyesha.