Nyuki Wanapima Chumba

Kwanza nikuambie habari za mguu wangu, maana ugomvi wote ulianzia hapo. Mguu wangu wa kushoto haujapinda. Mama anajua, mimi najua, na daktari akitaka aje aupime. Lakini mwezi ule nilipohamia Kibondo kutoka Kasulu, nilimpa Gharibu, fundi viatu, kiatu changu akibadilishe soli, akanirudishia kimelala upande. Nilipolalamika, akautazama mguu, akanitazama usoni, akasema, "Dada Asmahani, kiatu kiko sawa. Mguu wako ndio umepinda."

Ala! Mbele ya watu!

Tangu siku hiyo hatukusalimiana, na ubaya wake tulikuwa tunakaa baraza moja. Mimi na benchi langu la kurandia mbao upande huu, yeye na kisanduku chake cha misumari upande ule, na katikati yetu mlango wa fremu tupu ya duka ya Mzee Nurudini, muuza magodoro na vyandarua. Sote wawili tulikuwa tunaitaka fremu hiyo. Wewe mvua za Kibondo huzijui. Mbao ya mninga uliyoikausha miezi mitatu inalowa kwa dakika kumi, na seremala asiye na mlango wa kufunga si seremala, ni mlinzi wa mbao.

Mzee Nurudini alisikia maombi yetu mpaka akachoka. Siku moja akaniita. "Binti Khamisi, mwanangu Yasmini anaolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitengenezee kabati la nguo la kutoka nalo. Likinipendeza, fremu yako. Lisiponipendeza, nampa Gharibu, na wewe urudi Kasulu kwa baba yako ukauze khanga."

Baba yangu naye alikuwa anasubiri hilohilo. "Mwanamke na randa, wapi na wapi?" ndiyo maneno yake. Kazi nilijifunza kwa Athanase, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikawa narudi dukani na vumbi la mbao kichwani, na baba akaninunia mwaka mzima. Nirudi tena kukunja khanga, huku ananitazama kwa lile jicho lake la "si nilikwambia"? Afadhali ninywe gundi.

Basi kabati nikalitengeneza. Sijisifu, ila nitajisifu kidogo: milango miwili, droo tatu zinazoteleza ukizigusa kwa kidole, hakuna msumari unaoonekana. Nyuma yake, chini, nikatoboa matundu manne ya hewa, nguo za bi harusi zisivunde. Wazo hilo lilikuwa langu mwenyewe. Ikabaki vanishi tu, na vanishi Kibondo nzima ikawa imekwisha, gari la mzigo limekwama njiani. Nikampigia simu Athanase.

"Maman, usilie," akaniambia. "Sisi kule Uvira tunapakalaka nta ya nyuki. Yeyusha na mafuta kidogo, pakala inje, sugua na kitambaa. Itaangaza sana."

Alisema nje. Nakiri, alisema nje. Lakini mimi nikajiambia, kama nje kutapendeza hivyo, ndani je? Nikanunua nta kwa Pasikali, mzee wa Kitahana anayeuza asali sokoni. Nikapaka nje, nikapaka ndani, nikapaka na droo, nikasugua mpaka mabega yakaniomba msamaha. Kabati likang'aa, na baraza nzima ikanukia asali.

Ijumaa asubuhi wakaja nyuki watatu, wanne. Wanaingia tundu hili, wanatokea lile, wanazunguka, wanarudi. Nikafurahi. Nikamwambia Ridhiwani, mwenye toyo ya magurudumu matatu ambayo ingelibeba kabati kesho yake, "Unaona? Hata nyuki wanaijua kazi nzuri."

Gharibu akainua kichwa kutoka kwenye kiatu cha mtu. Yeye ni mzaliwa wa kijijini Murungu, na marehemu baba yake alikuwa na mizinga. "Hao nyuki wanapima chumba," akasema. "Liingize hilo kabati ndani kwa mtu leo, ama sivyo watakuja wote."

"Pima wewe kwanza mguu wa mtu!" nikamjibu.

Ridhiwani alicheka mpaka akakaa chini. Gharibu akafunga kisanduku chake mapema siku hiyo, akaenda zake amenuna. Nikaona nimemkomesha. Mchana nikafunga milango ya kabati kwa ufunguo, nikalifunika turubai kwa juu, nikaenda kusukwa nywele za harusini. Baraza ikabaki haina mtu.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ile baridi yetu ya mlimani, ya kumfanya mtu avae masweta mawili. Tulilipakia kabati mimi, Ridhiwani na vijana wawili.

"Mbona zito kuliko jana?" Ridhiwani akauliza.

"Mninga huo," nikamwambia. "Umezoea kubeba mikaratusi wewe."

Njiani tukawa tunasikia mvumo, tukadhani ni injini. Tulipofika kwa Mzee Nurudini, Ridhiwani akazima toyo, mvumo ukaendelea. "Toyo yako mbovu," nikamwambia. Ndivyo nilivyokuwa mimi. Kosa likitokea, macho yangu yanamtafuta mwenzangu.

Uwanja ulikuwa umejaa, vigelegele kwa dufu, pilau liko jikoni. Ufunguo alikabidhiwa Bi Mwamvua, shangazi wa bwana harusi, aliyetoka Ujiji na dhahabu zake zote mwilini, afungue kabati watu waone. Akafungua kwa madaha. Akachungulia.

"Mbona mmeshatundika nguo?" akauliza. "Hii nyeusi ya nani?"

Nguo ile ikasogea.

Mtume! Sijapata kuona harusi ikitawanyika namna ile. Wapishi waliruka ua na miiko yao mkononi. Mzee Nurudini alijifungia chooni, na shekhe akawa anabisha hodi hukohuko. Bi Mwamvua alipata mmoja mdomoni na mmoja puani. Mimi nikausukuma mlango wa kabati kwa teke, kwa mguu huohuo wa kushoto usiopinda, ukajifunga, nikakimbia kama wenzangu.

Nyuki waliotoka walipopungua, Mzee Nurudini akafungua stoo, akagawa vyandarua. Kikao kikaanza. Wazee na mashangazi wamekaa mkekani, kila mmoja ndani ya chandarua chake, wanashauriana kwa heshima zote. Usicheke. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya cha bluu.

Na ukweli nilikuwa nimeshaujua. Nta ndani, matundu chini, giza katikati. Nilikuwa nimetengeneza mzinga! Mtoto yeyote wa Kiha aliyekulia kijijini anajua kwamba mzinga mpya hupakwa nta ili nyuki wauhamie. Mimi nimekulia nyuma ya kaunta ya khanga. Nikaiona fremu inaondoka, nikamwona baba na jicho lake.

Kumbe hakuna aliyekuwa ananiwaza mimi.

"Hawa wametumwa," akasema Bi Mwamvua, mdomo umemvimba lakini haukumzuia. "Nyuki hawaji harusini bila kutumwa. Mpaka aliyewatuma awaondoe, mwanetu haoi hapa."

Ridhiwani akadakia. "Gharibu huyo! Jana alisema kwa kinywa chake, 'watakuja wote.' Nilikuwepo!"

"Na fremu anaitaka," mwingine akasema kutoka kwenye chandarua cheupe. "Anamharibia mwenzake."

Vijana wakaenda kumtoa Gharibu kwake. Wakamleta na kisanduku chake na fuko la viatu vya watu. Wakamuuliza kama kweli alisema.

"Nilisema. Nilikuwa namwonya."

"Ulijuaje kama watakuja?"

"Nyuki wana dalili zao."

"Mmemsikia!" akapaza sauti Bi Mwamvua.

Wote wakanigeukia. Mzee Nurudini akaniuliza, "Fundi, alisema au hakusema?"

"Alisema," nikajibu.

Na kweli alisema. Sikuongeza neno wala sikupunguza, na katika maisha yangu sijasema uongo mkubwa kama ule.

Mzee Nurudini akatoa hukumu. Gharibu ahame barazani kwake leo hii, asirudi. "Na wewe, binti Khamisi, pole sana. Kazi yako tumeiona, huu ni wivu tu wa watu. Fremu ni yako. Mleteeni chai."

Nikaletewa chai na sambusa mbili. Nimeshinda! Fremu ninayo, adui yangu anaondoka, na baba atakunja khanga zake mwenyewe. Nikala ya kwanza. Gharibu alikuwa amechuchumaa mbele yangu, anawarudishia wenyewe viatu ambavyo hakuvimaliza, kimoja kimoja. Hakunitazama. Laiti angenitazama kwa chuki, ningeila na ya pili. Lakini hakunitazama, nikairudisha ya pili sahanini. Niliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Nikamkumbuka Athanase, jinsi alivyozoea kuniambia nikificha ufa kwa gundi: "Mbao inasemaka kweli tu. Fundi ndiye anadanganyaka."

"Jamani," nikasema. "Hao nyuki nimewaita mimi."

Vyandarua vyote vikageuka.

"Nilipaka nta ndani, nikatoboa na matundu. Gharibu alinionya, nikamtukana. Nimekosea."

Unadhani walinishukuru? "Maskini," akasema Bi Mwamvua, "keshamroga na yeye." Shekhe akaanza kunisomea. Hapo hasira zikanipanda mpaka utosini. Mtu nimejikaza kukiri kosa kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, halafu mnaniombea dua?

"Sijarogwa!" nikapiga kelele. "Mimi mjinga tu! Mjinga wa kawaida! Mwiteni Pasikali!"

Pasikali akaletwa kutoka sokoni na kitita chake cha nyasi za kufukiza. "Mwakeye," akasalimia, akavitazama vyandarua vyote vile, hakuuliza kitu. Akapuliza moshi, akanusa tundu la kwanza, akafungua mlango kidogo, akachungulia. Kisha akakaa chini, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Mwana wanje, mwanangu," akaniambia, "nimechonga mizinga miaka arobaini. Wangu una mlango mmoja. Wako una minne, na droo." Akamgeukia Bi Mwamvua. "Mama, hakuna aliyewatuma hawa. Wamepangishwa."

Mzee Nurudini akatoka ndani ya chandarua chake, akanijia polepole. Nikajua basi, fremu imekwenda.

"Umesemaje pale mwanzo?"

"Nimekosea, mzee wangu."

"Hebu rudia."

"Nimekosea."

Akageuka, akaita kwa sauti ya mnadani. "Mama Yasmini! Acha sufuria, njoo usikie! Fundi anasema amekosea!"

Mke wake akatoka mbio. "Fundi gani?"

"Huyu hapa! Mimi nimejenga nyumba mbili, nimeweka milango kumi na mmoja, hakuna hata mmoja unaofunga, na kila fundi ananiambia nyumba yangu ndiyo imepinda! Sema tena mwanangu, polepole, na shekhe asikie."

Nikasema tena. Watu wakavua vyandarua ili wasikie vizuri. Mama mmoja akapiga kigelegele. Niliona haya, nikaona na wepesi, vyote kwa pamoja, mpaka nikalia.

Fremu alinipa, kwa sharti la kabati jingine ndani ya wiki mbili, la vanishi. Ndoa ikafungwa alasiri, Bi Mwamvua akapigwa picha kwa ule upande ambao haukuvimba. Kabati la kwanza Pasikali alilihamishia Kitahana na wapangaji wake ndani, na nasikia droo ya juu imeshajaa asali.

Jumatatu mvua ikashuka. Nilikuwa ndani ya fremu yangu, napanga mbao, nikamwona Gharibu amesimama barazani na kisanduku chake. Mzee alikwisha kumwambia arudi, lakini upepo ulikuwa unapiga mvua mpaka pale alipozoea kukaa.

"Ingia, utaloa," nikamwambia.

Akaingia, akakaa karibu na mlango. Mimi nikaendelea kupanga mbao.

"Ulikula sambusa ngapi kabla ya kusema?" akaniuliza.

"Moja."

"Zilikuwa mbili."

"Zilikuwa mbili."

Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono. "Lete hicho kiatu."

Nikavua cha kushoto, nikampa. Akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akakitazama juu na chini, kisha akachukua kisu chake akaanza kukata uzi wote aliokuwa ameushona yeye mwenyewe.

"Mguu wako haujapinda," akasema, na hakuinua kichwa.