Kondoo wa Hallur

Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Kondoo mmoja jike alikuwa akitetemeka miguu ya nyuma, akijisugua ukutani mpaka manyoya yakamtoka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yangu, Hallur, alimtazama kwa muda mrefu.

"Tusubiri kidogo, Ragna," akasema. "Huenda ni baridi tu."

Sikusubiri. Nilimpigia simu Unnur, daktari wa mifugo, nikiamini kazi ya daktari ni kuponya.

Unnur akaja, akamchukua yule kondoo akapimwe. Baada ya siku nne alirudi bila mkoba wa dawa, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Ni ule ugonjwa wa ubongo, Hallur. Sheria unaijua: mmoja akiugua, kundi lote huuawa."

"Wote?"

"Wote."

"Si uwachome sindano?" nikauliza. "Hawa wengine wazima."

"Sindano yake haipo, mwanangu."

Walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Lori lilikuja Alhamisi. Wanaume waliokuja nalo walipowaswaga, kondoo waligoma kupanda, hivyo nikaambiwa nitangulie. Mimi ndiye niliyewalisha kila asubuhi. Walidhani naenda kuwapa majani. Wakapanda nyuma yangu, mmoja baada ya mwingine, nami nikateremka peke yangu.

Shuleni, mwanafunzi mwenzangu Kári akaniambia mbele ya wote, "Si wewe uliyewamaliza kondoo wa baba yako?" Nami niliwaza hivyohivyo.

Baba hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alishinda kitandani, uso ukutani, wiki nzima. Siku ya nane akaamka kwenda kubomoa mbao za zizi zichomwe, kama tulivyoamriwa. Nikamfuata.

"Baba, ningenyamaza wangekuwepo."

Akaweka nyundo chini. "Nilijua tangu siku ile, Ragna. Nilinyamaza kwa woga. Ungenyamaza na wewe, ugonjwa ungeenea bonde zima."

Sikujua kuwa baba yangu anaweza kuogopa. Nilitaka kumshika mkono, nikashindwa. Tuliendelea kung'oa mbao mpaka vidole vikafa ganzi.

Tulikatazwa kufuga kwa miaka miwili. Jioni ile baba alinipa karatasi: barua ya kuomba wanakondoo arobaini kutoka upande wa magharibi, ambako ugonjwa haujafika, marufuku itakapokwisha.

"Soma. Angalia kama nimekosea."

Alikuwa amekosea mahali pawili. Nikasahihisha, akatia sahihi.