Kirusi cha Luteni

Msinianzie habari za Wafaransa! Mwaka ule, mizinga ya Borodino iliponyamaza na jeshi letu la Urusi likarudi nyuma, Wafaransa hao walipita kijijini kwetu, na bata bukini wangu watatu wakaondoka nao. Alibaki mmoja, nikawa namlaza ndani kama mkwe. Kwa hiyo nilipomwona kijana anatoka msituni, koti lake limejaa nyuzi za dhahabu, anajiimbia kwa lugha yao, sikuuliza jina. Nilipiga yowe, na wanaume wakaja mbio na uma za majani.

Tulimfunga ghalani. Mume wangu Prohor, jumbe wa kijiji, alikuna kichwa.

"Jamani, anasema ni wa kwetu. Tukimuua Mrusi, sote kifungoni Siberia. Tukimwachia Mfaransa, kesho anarudi na wenzake wanatuchomea ghala na mavuno yake. Tufanyeje?"

"Mimi Mrusi!" alilia mfungwa. "Luteni Zavyalov! Mimi mtoto ya hapa hapa! Napotea jeshi yangu!"

"Mtoto ya hapa!" Yermolai mhunzi alicheka hadi machozi. "Jamani, hata mbuzi wangu anamshinda huyu!"

"Yaya yangu Mfaransa! Mwalimu yangu Mfaransa! Kirusi mimi naongea na watumishi tu!"

"Kila mwizi ana hadithi yake," nilisema. Bata watatu si mchezo.

Prohor akamwambia apige ishara ya msalaba. Akapiga kama sisi, bega la kulia kwanza, si la kushoto kama Wafaransa.

"Hata yule Mfaransa tuliyemkamata wiki jana alijifunza haraka," alisema Yermolai.

Nikamletea supu ya kabichi chachu. Alionja kijiko kimoja, akakunja uso. Watu wakaguna. Mrusi gani anaikunjia uso kabichi? Ndipo Prohor akamsogezea uma wa majani hadi kifuani.

"Haya, kijana, hii inaitwaje?"

Maskini, alifikiri mpaka jasho likamtoka.

"Kijiko... kijiko kubwa ya ng'ombe."

Haki ya Mungu, nilicheka hadi nikashika ukuta. Prohor peke yake hakucheka.

"Mungu atusamehe," alisema. "Mpelekeni mtoni."

Kijana akawa mweupe kama unga, na kicheko changu kikakatika. Alikuwa na umri wa mwanangu Grisha, aliyechukuliwa jeshini. Nilimhurumia, nikataka kusema neno. Lakini Yermolai alikuwa ameshapiga magoti anamvua buti.

"Uendako hutazihitaji, baba."

"Toa mikono yako, mbwa we!" alifoka Luteni. "Unajua unamgusa nani? Vueni kofia! Nitawafunza adabu, washenzi wakubwa! Fimbo ishirini na tano kila mmoja, zizini, sasa hivi!"

Lo! Kirusi kile! Hakikuwa na kosa hata moja. Kofia zote zilikuwa chini kabla hatujajua nani kazivua. Mimi nilijikuta nimeinama hadi kitambaa changu cha kichwa kinagusa majani. Yermolai alibaki amepiga magoti, buti moja mkononi.

Kisha Prohor akaangua kilio cha furaha.

"Ni wetu! Jamani, ni wetu! Nani mwingine angetusemesha hivyo?"

Tulimfungua, tukamfuta vumbi, tukambusu mikono. Bata wangu wa mwisho aliingia chunguni. Luteni alikula vizuri, anacheka, ananiita "mama mzuri yangu", Kirusi chake kimeshapinda tena. Yote yalikuwa yamekwisha. Kesho angepata farasi, angeenda zake. Sasa mume wangu, punda yule, si akasogea mezani na kofia mkononi!

"Bwana, zile fimbo, tuanze sasa au baada ya chakula?"

Nilimfinya. Nilikuwa nimechelewa. Luteni aliweka kijiko chini, akamtazama, akafuta mdomo.

"Baada," alisema.

Alikuwa amesahau kabisa, nawaapia! Wafaransa walinichukulia bata watatu. Wa kwetu alimla wa nne, kisha mimi nikatumwa na kisu mtoni kukata fimbo za mgongo wa mume wangu. Nililia kwa hasira njia nzima. Nikakata nyembamba.