Wageni wa Marehemu

Mti hauna ulimi, lakini mpasheni ule ulimsuta seremala kila alfajiri. Alipotoka kutawadha na kupita uwanja wa nyuma, aliyakuta maua ya jana, meupe yenye nyuzi za zambarau, yamenywea na kudondoka, na pale yaliponing'inia hapakubaki hata dalili ya tunda. Mkewe, aliyeupanda kwa mkono wake, alikuwa ametangulia mbele ya haki. Enzi za uhai wake mpasheni ulizaa hata majirani wakaomba wasiletewe tena. Sasa ulijipamba kama bibi harusi na kuzaa kama jiwe.

Kilichomchanganya mzee ni kwamba hakupata kuuhudumia mti wowote kama alivyouhudumia huo. Msiba ulipopoa alishika jembe, akang'oa magugu yote ya nyuma ya jiko, yale ambayo mkewe alimkataza kuyagusa maisha yao yote ya ndoa: vichaka vya maua ya njano ambavyo maganda yake yakikauka hulia kama njuga, na vimaua vya buluu vinavyofumba macho kabla ya adhuhuri. "Hapo acha," mkewe alizoea kusema, wala hakuongeza neno. Kisha mzee akaigeukia boriti kuukuu iliyoubeba mpasheni. Ilikuwa imejaa matundu ya duara, kila moja la kupitisha kidole. Kwa fundi, boriti yenye matundu ni sawa na imamu mwenye kanzu iliyotatuka. Akakoroga vumbi la mbao kwa gundi, akayaziba yote, akapiga msasa, akapaka vanishi. Uwanja ukang'aa kama sinia.

"Laiti angeuona," alisema peke yake, na moyo wake ukatulia kidogo.

Mwanawe, aliyekaa naye nyumba moja, alikuwa na shauri jingine.

"Baba, magoti yanakutesa. Nataka nikujengee bafu hapa, mlangoni kwako. Mti wenyewe umebaki pambo."

"Na ukizaa?"

"Ukizaa hata tunda moja kabla mwashi hajaja, bafu nitalipeleka kwingine. Usipozaa tuukate, baba, wala tusinuniane."

"Mwashi anakuja lini?"

"Mvua zikikatika."

"Nimekubali," akasema mzee, na neno la muungwana halirudi kinywani.

Akamwagia mpasheni maji, akauwekea samadi, akausomea dua. Ukamjibu kwa majani. Akapunguza samadi, ukamjibu kwa maua, nayo yakaanguka. Alisimama chini yake kama mtu aliyesahau rakaa, asijue aongeze au atoe salamu. Alikuwa amekosea nini, ilhali hakuacha hata jani moja chafu?

Mvua za kwanza ziliponyesha, alibisha hodi shemeji yake, mshonaji, mdogo wa marehemu, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake.

"Hodi! Au nimepotea nyumba? Uwanja huu umenyolewa na kinyozi gani?"

"Karibu, shemeji. Nimesafisha kwa ajili ya dada yako."

"Umesafisha au umefukuza? Wageni wake wako wapi?"

"Wageni gani?"

"Ala! Umelala na mwanamke kitanda kimoja mpaka ukaota mvi, na wageni wake huwajui? Wale weusi, wanene, wanaovuma kana kwamba wamemeza cherehani!"

"Wale mabaradhuli waliokuwa wakila boriti yangu?"

"Hawali, shemeji. Wanatoboa walale. Asubuhi hunywa kwenye yale maua ya njano na ya buluu, jua likipanda huhamia kwenye mpasheni. Nyuki mdogo huingia mle akatoka bila kugusa kitu. Anatakiwa mwenye mgongo mpana kama wako, ubebe unga wa ua, ndio ua lishike tunda."

"Mbona hakuniambia?"

Shemeji alicheka, kisha akaacha kucheka. "Alisema, 'Mume wangu akijua nafuga watoboa mbao nyumbani kwa seremala, tutabishana mpaka Kiyama.'"

Mzee alikaa kitako. Hakujua acheke au alie. Kumbe kila pigo la jembe, alilolipiga kwa mapenzi, lilibomoa nyumba ya marehemu. Na kila tundu aliloziba aliliziba kwa ustadi wake wote. Mtu ataombaje msamaha kwa kosa lililofanana hivi na wema?

Kesho yake alichukua gunia, akaenda kwenye kiwanja kitupu nyuma ya kiwanda cha mbao, ambako magugu yale yalijiotea bila kuulizwa. Akachuma maganda makavu, akang'oa vya buluu pamoja na mizizi yake.

"Fundi, siku hizi unafuga mbuzi?" wapasuaji wa mbao walimpigia kelele.

"Nafuga wageni," akajibu, nao wakatazamana.

Alizipanda mbegu nyuma ya jiko kwa mistari iliyonyooka kwa kamba, maana hakujua namna nyingine. Zilipochipua, akachanganyikiwa upya. Miche yote ilifanana. Lipi gugu la marehemu, lipi gugu la kawaida? Alipalilia sehemu moja kwa kujiamini, na baadaye, mingine ilipokomaa, akagundua kwamba alichong'oa ndicho alichopanda. Tangu hapo akaitia mikono mifukoni. Kisha akaleta keekee na kuizibua boriti, tundu kwa tundu.

"Baba," mwanawe akasema taratibu, "juzi uliziba, leo unatoboa. Uko salama?"

"Sijui, mwanangu. Wallahi sijui."

Mvua zikapungua. Maua ya njano yakafunguka, wakaja vipepeo, wakaja vinyuki vidogo kama punje za ufuta, lakini wale weusi hakuwaona. Matundu yake, yaliyopimwa sawasawa, yalibaki matupu. Mpasheni ulichanua na kupukutisha, kisha mwashi akaagizwa.

Asubuhi ya ahadi mzee alikuwa amekaa mlangoni kwake na tasbihi, vumbi laini likamwangukia begani. Akainua uso. Katika mwimo wa mlango, mbao aliyoipiga randa ujanani na kujivunia kuliko zote, nyuki mweusi mnene alikuwa ameshazama nusu mwili, akivuma na kutupa unga nje. Mkono wa mzee ulikuwa tayari umelifikia kopo la gundi. Ukasita hapo, kama mkono wa mtu mwingine.

Mwashi akaingia na panga, mwanawe nyuma yake.

"Tuanze, mzee?"

Mzee aliinuka kwa magoti yake mabovu, akaenda kwenye mpasheni, akafunua jani baada ya jani. Palipoanguka ua siku chache nyuma, kikonyo kilikuwa hakijadondoka. Kilishika kitu cha kijani, kikubwa kidogo kuliko punje ya tasbihi.

"Hilo ni tunda au ni kifundo?" mwanawe akauliza, akiinama.

"Tunda."

Kijana alilitazama sana. "Mwashi, tutapimia upande wa pili," akasema hatimaye.

Mwashi alishusha panga, akauelekea mlango. "Sawa. Lakini huu mwimo unatobolewa, mzee! Huzibi?"

"Acha hapo," akasema mzee, akajisikia kasema kwa sauti isiyo yake. Akaitazama boriti, na matundu yake mazuri, matupu. "Ila kule nilimpimia sawasawa kabisa. Kwa nini hakuyataka yale matundu?"

Aliyejua jibu alikuwa marehemu peke yake, naye hakupenda kubishana.